Maporomoko Mbele ya Kiti cha Saba

Katika ripoti yangu kwa bodi niliandika sentensi ambayo wakati ule niliiona kuwa ya kujivunia: "Tangu picha itundikwe, wagonjwa wanane kati ya kumi hufumba macho mara tu wanapoketi, dalili ya utulivu ambao ukuta mtupu haukuwahi kuwapa." Niliisoma mara mbili, nikatia sahihi na muhuri. Sikumwuliza hata mmoja wa wale wanane kwa nini alifumba macho.

Mimi ni msimamizi wa kituo cha kusafisha damu. Wanaokuja kwetu ni watu ambao figo zao zimegoma kazi. Mara tatu kwa wiki huegemea vitini kwa saa nne nzima, damu yao ikitoka kwa mrija, ikapita katika mashine, ikasafishwa, ikarudi mwilini. Viti ni kumi na mashine ni kumi. Kwa miaka sita ukuta unaovielekea ulikuwa mweupe, wenye doa la unyevu pembeni na saa moja ya duara ambayo kila mgonjwa aliichukia. Bodi ilipoamua kwamba ukuta ule upambwe kwa picha ya mandhari ya asili, kama ifanywavyo siku hizi katika ofisi na mahali pa matibabu, kazi ya kuchagua nilikabidhiwa mimi. Nilifurahi. Kuamua hakujawahi kunitoa jasho.

Mpambaji alikuja na albamu nene na utepe wa kupimia. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na tabia ya kugonga ukuta kwa kidole kana kwamba anabisha hodi.

"Wanaoketi hapa ni wagonjwa wa nini?" aliniuliza.

"Wagonjwa ni wagonjwa, mama. Wanahitaji utulivu."

"Nauliza kwa sababu picha ina mambo yake. Ofisi moja ya mawakili niliwawekea mlima mrefu, wakaupenda mpaka wakapiga picha nao. Mlima uleule nikaupeleka kwenye kliniki ya mapafu, baada ya wiki wakanirudishia. Wagonjwa walikuwa wakiutazama tu wanahema."

Sikucheka. "Mapafu si kazi yetu."

"Basi niruhusu niwaulize wenyewe. Dakika tano."

"Ukiwauliza watu kumi utapata picha kumi na moja."

"Hata muuguzi wao?"

"Muuguzi mkuu yuko likizo," nikasema, "na nchi haijaanguka."

Alifungua albamu. Palikuwa na msitu wa mianzi, bonde lenye ukungu wa asubuhi, kokoto laini zilizopangwa juu ya mchanga, majani mapana yenye mishipa kama mikono ya watu wazima. Nilivipita vyote. Kidole changu kilitua juu ya maporomoko ya maji: mto mzima ukijitupa kutoka kwenye jabali jeusi, povu jeupe chini, matone yakiruka hadi karibu na anayetazama.

Nilikuwa na sababu. Nilisoma shule ya bweni kwa miaka sita, na sehemu kubwa ya ninachokiheshimu maishani nilikichukua huko. Nikiwa na miaka kumi na minne nililazwa katika zahanati ya shule kwa homa, na juu ya kitanda palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya maporomoko. Niliitazama siku tatu, nikapona. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda. Sisi hatukuulizwa, tulipewa, tukawa watu.

"Ni picha nzuri," mpambaji alisema, akiandika vipimo. "Juu ya picha yenyewe sina neno."

Ilikuja baada ya wiki mbili, upana wa mita nne, ikafungwa kwa skrubu nane, ikafunika doa, saa na kila kitu.

Kiti cha saba, kilicho katikati kabisa mbele ya picha ile, ni cha mdogo wangu.

Tumezaliwa wawili. Yeye ni kitinda mimba, mcheshi, fundi wa redio na majokofu, mtu asiyeweza kuingia chumbani bila kuacha watu wanacheka. Hakwenda bweni, mama alikataa kumwachia. Ndiye aliyenibandika jina la Kiranja, na wagonjwa wote wakalichukua, ingawa hakuna kati yao aliyelitamka mbele yangu. Figo zake zilikufa mwaka uliopita. Madaktari waliponipima na kukuta damu yetu inaoana, nilisema palepale kwamba nitampa moja ya zangu. Sikutaka kushukuriwa. Nilikuwa nazo mbili.

Lakini jopo la madaktari lilikuwa na masharti mawili. La kwanza lilinihusu: nifaulu vipimo vyote. La pili lilimhusu yeye. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hakojoi, au hukojoa tone. Kila anachokunywa hubaki mwilini hadi siku ya mashine. Kwa hiyo huruhusiwa vikombe vitatu tu kwa siku, mchuzi na matunda vikihesabiwa humohumo. Jopo lilitaka kwa wiki sita mfululizo mdogo wangu asiongezeke zaidi ya kilo mbili kati ya siku moja ya mashine na nyingine. Akiweza, atakuwa ameonyesha kwamba ataitunza figo mpya. Asipoweza, nafasi ya upasuaji itakwenda kwa mwingine, na foleni ni ndefu.

Muuguzi mkuu alirudi kutoka likizo siku ya tatu baada ya picha kutundikwa. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, mkoba bado begani.

"Nani ameweka hiyo?"

"Mimi, Sista. Karibu tena."

"Maji, Bwana Msimamizi? Umewawekea hawa watu maji?"

"Nimewawekea picha. Kuona na kunywa ni vitu viwili."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa na walio chini yangu. "Wewe ukiwa na njaa unasoma orodha ya vyakula?"

"Nikiwa na njaa, Sista, nasubiri kengele."

Aliingia ndani na mkoba wake. Nilidhani nimemshinda.

Wiki mbili za mwanzo za sharti, kabla ya picha, mdogo wangu aliongezeka kilo moja na nusu, kilo moja na robo, kilo moja na nusu tena. Wiki ya kwanza ya picha alipanda mizani mbele yangu, na mshale ukaniacha mdomo wazi. Kilo tatu na nusu. Nilimwambia ashuke, nikaipiga mizani teke dogo, nikamwambia apande tena. Kilo tatu na nusu.

"Umekunywa nini?"

"Maji, kaka."

"Nakuuliza kwa nini."

Alishuka, akavaa ndara zake polepole. Uso ulikuwa umemvimba chini ya macho, na vidole vya miguu vilikuwa vimejaa kama vya mtoto mchanga. "Nikitoka hapa nakuwa na kiu ambayo sikuwahi kuijua. Naota ile picha. Kaka, kaa wewe hapo saa nne tu, halafu uniambie."

"Mimi nimekaa miaka sita," nikamwambia. "Bweni letu lilikuwa na watu arobaini na mtungi mmoja. Zamu yako ikipita, imepita. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyelialia."

"Ndiyo maana ukawa Kiranja," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu alipolitaja.

Aliyefuata, mwalimu mstaafu wa kiti cha nane, alikuwa amezidi kilo tatu. Mama wa kiti cha pili, ambaye alianza kufunika uso wake kwa mtandio kila anapoketi, alikuwa mzima. Niliona katika hayo ushahidi kwamba wenye nidhamu wapo na wasio nayo wapo. Siku hiyohiyo niliandikia jopo barua. Hakuna aliyenilazimisha, niliona kwamba msimamizi anayemficha ndugu yake hafai kusimamia hata banda la kuku. Niliandika kwamba mgonjwa wa kiti cha saba, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, amekiuka sharti, na kwamba chanzo ni ukosefu wa nidhamu.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa rahisi kukieleza. Nisile wala nisinywe kitu tangu saa mbili za usiku hadi saa sita mchana siku ya pili, kisha nitoe mkojo. Figo nzima ikinyimwa maji huyabana yaliyopo, na mkojo hutoka mzito wenye rangi. Figo dhaifu haiwezi. Mtu wa maabara, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alinipa fomu na kuniambia, "Watu wengi huteleza kwenye hiki."

"Mimi si watu wengi," nikamjibu.

Asubuhi ile nilifika kazini saa mbili, ulimi mkavu kidogo, roho imetulia. Siku hiyo zamu ya mdogo wangu ilikuwa imesogezwa hadi mchana, hivyo kiti cha saba kilikuwa kitupu. Nikaamua kuketi hapo. Nilitaka atakapokuja nimwambie: nimekaa, bila tone tangu jana, na tazama, niko mzima.

Sikuwa nimewahi kuitazama picha ile nikiwa nimekaa. Nikiwa wima ilikuwa mandhari. Nikiwa nimeegemea, kichwa kimelazwa nyuma na miguu imeinuliwa, ilinijia kutoka juu. Niliona jinsi mpiga picha alivyongoja jua lipenye kwenye ukingo wa maji ili kila tone liwe na mwanga wake. Palikuwa na jani moja kwenye jabali lililokuwa likichuruzika, tone likiwa limening'inia kwenye ncha, halidondoki. Nilijikuta nalingojea lidondoke. Nilimeza mate, hayakuwepo. Nikatazama pembeni, na pembeni kulikuwa na povu. Nikatazama chini, na chini kulikuwa na kidimbwi cha kijani kibichi ambacho unaona mawe yake. Upana wa mita nne hauna pembeni. Nilikuwa nimeuchagua mimi.

Hapo ndipo nilipogeuza shingo na kuwaona wenzangu wa zamu ya asubuhi. Mama wa kiti cha pili alikuwa na mtandio usoni, na mtandio ulikuwa umelowa mahali pa macho. Kijana wa benki wa kiti cha nne alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kope zikitetemeka, midomo ikihesabu kitu. Mzee wa kiti cha tisa aliyafumba huku taya zake zikitafuna hewa. Hakuna aliyekuwa amelala. Nilipigwa na butwaa nikiwa palepale kitini, kwa sababu niliikumbuka ripoti, sentensi yake, sahihi na muhuri.

Niliondoka nikiwa na nia ya kwenda ofisini. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Chumba cha wafanyakazi kiko njiani, na ndani yake kuna chombo cha maji ya baridi chenye bomba la buluu.

Glasi ya kwanza sikumbuki niliijaza vipi. Ya pili niliisikia ikishuka hadi tumboni. Ya tatu niliijaza nikijua ni ya tatu, nikijua ni saa nne na nusu, nikijua fomu iko mfukoni mwangu, na niliinywa yote. Kisha nikasimama nimeshika glasi tupu, maji yakinidondoka kidevuni juu ya tai ya shule yangu ya zamani, nikauangalia mkono ule kana kwamba ni wa mtu aliyeniingilia nyumbani.

Saa sita nilikwenda maabara. Chini ya fomu palikuwa na mstari: "Nathibitisha kwamba sikula wala kunywa chochote kwa muda ulioagizwa." Mtu wa maabara alinipa moja ya kalamu zake tatu. Nilitia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya maji.

Baada ya siku mbili daktari bingwa alituita sote wawili. Ni mwanamke mpole anayeongea akiangalia uso wa mtu, si karatasi. Juu ya meza yake palikuwa na majibu yangu, na chini yake niliitambua barua yangu.

"Sina habari njema," alisema. "Figo zako hazibani maji. Mkojo ulikuwa mwepesi mno, karibu sawa na maji yenyewe. Kwa umri wako, mtu wa namna hiyo akibaki na figo moja, tutakuwa tumetengeneza wagonjwa wawili. Jopo haliwezi kukubali."

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu ndogo, labda kipimo kurudiwa kimyakimya. Sikuwa nimefikiria kwamba uongo wangu ungesomwa kama ugonjwa, na kwamba ugonjwa huo wa uongo ungemwua mdogo wangu.

Nilimgeukia. Nilitarajia hasira, au machozi, au hata mzaha. Alikuwa ameweka mkono wake uliovimba juu ya bega langu.

"Usijilaumu, kaka," alisema. "Hukujiumba. Bora umejua mapema. Sasa na wewe uanze kujitunza."

Niliutazama mkono ule uliovimba.

"Nilikunywa," nikasema.

Daktari aliinua macho. Mdogo wangu hakuondoa mkono.

"Siku ya kipimo. Nilikaa kwenye kiti chako mbele ya picha, halafu nikaenda nikanywa maji. Kisha nikatia sahihi kwamba sikunywa."

Nje kwenye ujia mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Glasi ngapi?" mdogo wangu aliuliza.

"Tatu."

"Tatu." Aliirudia kama mtu anayeonja chakula. "Za baridi?"

"Za baridi."

"Mimi nilikuwa naiba nusu kikombe," alisema, "naificha nyuma ya redio, nanyonya kama mwizi wa sukari. Wewe tatu, za baridi, na tai shingoni." Akaanza kucheka. Alicheka hadi daktari akaangalia pembeni kuficha tabasamu, akacheka hadi akashika mbavu, na mimi nilikaa kati yao wima kama nguzo, sijui nifiche wapi uso.

Daktari alipoweza kuongea hakuwa anacheka tena. "Kipimo kitarudiwa, mara moja tu. Fomu ya uongo nitaiweka kwenye faili pamoja na maelezo yako kwa maandishi. Na hii barua?" Aliinua barua yangu kwa ncha ya vidole.

"Nitaandika nyingine," nikasema. "Chanzo nilichokitaja sicho. Chanzo kina upana wa mita nne, na aliyekichagua ni mimi."

Jioni ileile nilizifungua skrubu nane kwa mkono wangu, Sista akiushika upande mmoja wa fremu. Hakusema "nilikuambia". Nilimwomba radhi, akasema, "Inua upande wako, Bwana Msimamizi, inanilemea." Tulipoitoa, doa la unyevu lilikuwa palepale. Zamu yake ilipofika, mama wa kiti cha pili alivuta mtandio wake chini ya kidevu, akalitazama doa lile kana kwamba ni bustani.

Mpambaji alirudi na albamu yake. Safari hii niliyataja magonjwa kabla hajauliza, nikasimama nyuma ya viti nikanyamaza. Mianzi ilikataliwa, kwa kuwa mzee wa kiti cha tisa alisema panapoota mianzi hapakosi kijito. Ukungu ulikataliwa. Mwalimu mstaafu alitaka kokoto, akakumbushwa kwamba kokoto hulainishwa na mto.

"Tundikeni picha ya Kiranja," mdogo wangu alisema kutoka kiti cha saba. "Kiu itaogopa."

Kijana wa benki alicheka hadi mashine yake ikalia kengele. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutamkwa mbele yangu wote wakisikia, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Mwishowe walichagua kilima cha nyasi kavu za rangi ya dhahabu, na njia nyembamba inayopanda hadi juu. Mimi nisingeichagua. Niliandika ripoti mpya kwa bodi, na ile ya kwanza nikaiambatanisha bila kufuta neno.

Jopo lilimpa mdogo wangu wiki sita nyingine. Alizimaliza: hakuzidi kilo moja na nusu hata siku moja, na mizani ilisainiwa na Sista, si mimi.

Siku ya kurudia kipimo alifika kabla yangu. Alivuta kiti, akakiweka mlangoni mwa chumba cha wafanyakazi, akakaa na mikono kifuani.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nakuchunga. Sheria za bweni."

Alinichunga hadi saa sita. Alinifuata hata msalani, akasimama nje akipiga mluzi. Mtu wa maabara aliinua kichupa changu kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha. Rangi ilikuwa nzito kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Alikipeleka kwenye mashine, tukangoja.

"Zinabana," alisema. "Zinabana vizuri sana."

Mdogo wangu aligeuka. Aliondoka akaenda kwenye bomba la buluu, akarudi na glasi imejaa hadi ukingoni, akinyata ili isimwagike. Aliniwekea mkononi. Niliitazama midomo yake iliyopasuka kwa ukavu, nikakumbuka kwamba kikombe chake cha kwanza cha siku hiyo alikuwa bado hajakigusa, na mkono wangu ukakataa kuinuka.

"Kunywa, kaka," alisema. "Hiyo unayoikausha ni figo yangu."